Hotuba ya Ijumaa: Chungu cha Nyumbani na Kopo la Dukani

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyeiteremsha mvua, akaiotesha nafaka na matunda, akatujaalia katika hayo riziki na siha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba wake, na kila aufuataye mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria katika msikiti huu wa Kiwangwa, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu katika yale tunayoyatia vinywani mwetu na vinywani mwa watoto wetu.

Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 168, Mwenyezi Mungu anawaamrisha watu wote wale vya ardhini vilivyo halali na vilivyo vizuri. Zingatieni kwamba sharti ni mawili. Wengi wetu tunauliza juu ya lile la kwanza: nyama hii imechinjwa na nani, mali hii imetoka wapi? Wachache tunauliza juu ya lile la pili: je, kitu hiki ni kizuri kwa mwili wa mwenye kukila? Na mwili ni amana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akijikalifisha kwa saumu na visimamo, kwamba mwili wake nao una haki juu yake.

Ndugu Waislamu, tazameni neema iliyotuzunguka. Kiwangwa inajulikana kwa mananasi. Magari hupita katika barabara ya Bagamoyo na Msata yakipakia matunda yetu kuyapeleka Dar es Salaam na kwingineko. Mashambani mwetu mna mihogo, kunde, mbaazi, mchicha na matembele. Minazi na mikorosho tunayo. Na samaki na dagaa wanatujia kutoka pwani ya Bagamoyo. Juu ya hayo, zimo nyumba ambazo nanasi zuri halikatwi kwa ajili ya watoto, yai halichemshwi ila limeuzwa, na mboga inahesabiwa kuwa ni chakula cha mnyonge. Kisha fedha iliyopatikana kwa nanasi na yai inatolewa kununua kopo la unga au chupa ya vidonge, ambayo muuzaji ameapa kwamba inaongeza damu, inaongeza nguvu, na inaponya kila maradhi.

Sisemi kwamba kuuza mazao ni vibaya. Biashara ni halali na mkulima anayo haja. Nasema kwamba mtoto ana haki yake katika shamba la baba yake kabla ya gari la mnunuzi kufika.

Elimu hii si ngeni katika nchi yetu. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Mwaka huohuo ilifanyika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wazee wetu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo vidogo, kisha wakajadiliana namna ya kuyatenda waliyoyasikia. Hawakufundishwa kununua makopo. Walifundishwa kulima, kuhifadhi, kupika na kugawana chakula kwa haki.

Basi na tukumbushane. Chakula cha siku kisiwe ugali au muhogo mtupu. Kiwe na kunde au maharage au dagaa, kiwe na mboga za majani, na kiwe na tunda. Mboga na kunde zina madini ya chuma yanayojenga damu, lakini mwili huyapata kwa shida. Kipande cha nanasi, chungwa au maji ya limau pamoja na chakula huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Na chai inywewayo papo hapo na chakula huyazuia. Kwa hiyo chai na ingoje kitambo. Mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aanzishiwe chakula laini huku akiendelea kunyonya. Na Qur'ani imetaja miaka miwili kwa atakaye kukamilisha kunyonyesha. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa, lakini karanga na mahindi yaliyoota ukungu yatupwe. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwamo ndani ya nafaka, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Ndugu Waislamu, isije ikafahamika kwamba kila nyongeza ni batili. La! Mama mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki na avimeze, kwani mimba inahitaji damu nyingi kuliko chakula kinavyoweza kutoa. Mtoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 5 na apelekwe kupata matone ya vitamini A kila wakati wake unapofika. Chumvi iliyotiwa madini joto inakinga rovu na inalinda akili ya mtoto aliye tumboni. Nyongeza hizi zimepimwa, kipimo chake kinajulikana, na mwenye kuzitoa anajulikana.

Tunachokitahadharisha ni kile kisichojulikana. Watu husema, hii ni vitamini tu, haiwezi kudhuru. Kauli hiyo si kweli. Vitamini A ikizidi hukusanyika katika ini, na kwa mjamzito yaweza kumwumbua mtoto tumboni. Vidonge vya madini ya chuma vinavyomsaidia mama vyaweza kumwua mtoto mdogo akivimeza vingi akidhani ni peremende. Kwa hiyo viwekwe mbali na mikono yake. Udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito huzuia damu kujengeka, na waweza kuchukua mayai ya minyoo na risasi. Na katika nchi nyingi wakaguzi wamezikuta poda za kuongeza nguvu za kiume, zilizoandikwa kuwa ni za mitishamba mitupu, zimetiwa kwa siri dawa za hospitali, ambazo mgonjwa wa moyo akizichanganya na dawa zake shinikizo la damu huweza kushuka hata akafa.

Na lililo zito zaidi ni kuitumia dini kuwa tangazo la biashara. Habasoda imetajwa katika hadithi sahihi, na asali imetajwa katika Qur'ani, nasi tunaamini. Lakini chupa iliyobandikwa jina la Sunna si Sunna. Anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa zake anunue chupa hiyo, na kwamba anayesitasita ni mwenye imani haba, huyo amebeba jambo kubwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hakujulikana kwa utabibu, atadhaminishwa madhara aliyoyaleta. Na hata asali yenyewe asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Nanyi wafanyabiashara, kumbukeni kisa kilichopokewa na Muslim. Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono wake ndani ya rundo la chakula, akakuta chini kuna umajimaji uliofichwa. Akamkemea mwenye mali kwa kuificha aibu ya bidhaa yake, akamtenga na mwendo wake mwenye kughushi. Ikiwa hilo lilikuwa katika nafaka iliyolowa, itakuwaje kwa sumu iliyofichwa ndani ya kidonge?

Serikali nayo imeweka milango ya kuuliza. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango, na dawa zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa za asili zina Baraza lake, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Basi kabla hujanunua, soma: kimetengenezwa na nani, kina nini ndani, kinakwisha lini, kimesajiliwa wapi? Na kabla hujameza, mwulize mganga wa zahanati, umwoneshe na dawa nyingine unazotumia. Kuuliza si upungufu wa kutawakali.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Surat Al-A'raf, aya ya 31, inaturuhusu kula na kunywa na inatukataza kupindukia. Na katika hadithi ya Al-Miqdam bin Maadikarib, aliyoipokea At-Tirmidhi, Mtume ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Ukubwa wa sahani si neema ikiwa sukari na mafuta yake yatamletea mtu kisukari na maradhi ya moyo.

Kwa hiyo leo mkirejea majumbani, kila mwenye nyumba na atazame mambo mawili: ndani ya chungu, ajue watoto wamekosa nini, na juu ya kabati, ajue ni kopo gani lisilo na asili. Lile la kwanza alitimize, na la pili aliondoe.

Ewe Mola wetu, tubarikie mashamba yetu na watoto wetu. Waponye wagonjwa wetu, wape nguvu wajawazito wetu, na utukinge na ulafi na ughushi. Tujaalie kula vilivyo halali na vilivyo vizuri, na kuzitumia nguvu zake katika utiifu wako. Amin.