Safari ya Ukoo na Orodha ya Michango

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumze juu ya safari. Si safari ya kikazi, wala ya matibabu, wala ile ya kusindikiza maiti kijijini. Nazungumzia safari ya kutembea tu: watu wa ukoo mmoja, wakubwa kwa wadogo, wapande gari, waende kuona kitu kizuri, warudi nyumbani. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya watalii na ya watu wenye fedha zao. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Kwetu ni Mbulu na Hanang. Wengine wako Dongobesh, juu kwenye baridi, na wengine waliteremka zamani wakahamia Katesh, chini ya Mlima Hanang. Sisi tuliotoka tumetawanyika Babati, Arusha na Dar es Salaam. Tarehe 3 Desemba 2023 msikilizaji anaikumbuka. Tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sisi nasi tulikuwa na maziko yetu. Binamu yangu mmoja aliokoka na mkewe na watoto wake wanne, lakini nyumba na kila kilichokuwa ndani vilikwenda.

Siku ya tatu ya msiba shangazi yangu wa Dongobesh, mama wa zaidi ya miaka 70, alimwangalia mwanangu wa darasa la sita akauliza, "Huyu ni wa nani?" Nikamwambia, shangazi, huyu ni wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba ukoo huu siku hizi unajuana kwa sababu ya jeneza. Tunachangishana haraka kwa msiba, tunachangishana kwa harusi, baada ya hapo kila mtu na njia yake. Akasema kabla hajafa anataka tukae pamoja siku mbili bila maiti. "Na nataka kuona yale maji."

Yale maji ni picha ya kalenda. Imetundikwa sebuleni kwake tangu sisi tukiwa wadogo, mwaka wake ulikwisha zamani: maporomoko ya maji, meupe kama maziwa, yanashuka katikati ya miti. Hakuna anayejua ni ya wapi.

Basi kamati ikaundwa, na kama ilivyo kawaida yetu, kamati ikaanza kwa mambo makubwa. Mpwa wangu aliyesoma alitaka twende Mosi-oa-Tunya, kule Zambia, maporomoko yenye upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Nikachukua karatasi. Tulikuwa watu 24. Pasipoti moja ni shilingi 150,000, kwa hiyo pasipoti peke yake, kabla mtu hajakanyaga ngazi ya gari, ni shilingi 3,600,000. Mpwa akakunja ramani yake. Mwingine akataja Kalambo, mkoani Rukwa, kwenye mpaka wetu na Zambia, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Ni fahari yetu hiyo, na siku moja nitakwenda. Lakini kutoka Katesh hadi huko, na watoto na wazee ndani ya gari, safari yenyewe ingekula siku zote tulizokuwa nazo.

Mwisho tukakubaliana Marangu, mkoani Kilimanjaro, kwenye maporomoko ya Kinukamori. Si marefu kama ya Kalambo, lakini yanajulikana, yako jirani na Marangu Mtoni, na barabara ni lami kutoka Katesh hadi huko. Na tena dada yangu ameolewa Marangu. Msikilizaji, kama unapanga safari ya bei nafuu, anza kwa kuuliza ukoo umeoa wapi na umeozesha wapi. Mahali pa kulala ndipo panapokula fedha kuliko watu wanavyodhani.

Sasa nikueleze tulivyoshindwa. Hiyo ilikuwa Juni 2024.

Tulifanya hesabu vizuri sana. Coaster ya siku tatu pamoja na mafuta na dereva, shilingi 1,200,000. Chakula, 420,000. Malazi ya wale ambao wasingetosha kwa wakwe, 180,000. Viingilio na mwongozaji, 200,000. Jumla milioni mbili. Tukagawa kwa watu 24, kila kichwa kikapata shilingi 83,000 na ushee. Ni haki, siyo? Kila mtu sawa. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukaweka orodha ya majina, na mbele ya kila jina idadi ya watu na kiasi. Anayelipa anawekewa alama ya vema. Kila asubuhi mweka hazina anairudisha orodha ile upya, na maneno ya kuhimizana chini yake.

Unaijua orodha hiyo. Kila mwenye simu anaijua. Ndiyo ile ile ya harusi na ya kipaimara.

Mimi niliandikwa watatu, nikalipa wiki ya kwanza, alama ikawekwa, nikalala usingizi mzuri. Binamu yangu wa Katesh aliandikwa watu sita. Sita mara 83,000 na ushee ni nusu milioni. Mtu aliyefukiwa nyumba na tope miezi sita tu nyuma, jina lake linakaa pale kila asubuhi na nafasi tupu mbele yake, na ukoo mzima unatazama. Hatukufanya kwa ubaya. Hakuna aliyefikiri.

Zilipobaki siku tisa akaandika kwamba mtoto wake wa pili ana homa kali, hivyo wao wasihesabiwe. Tukamwombea mtoto. Kesho yake familia nyingine ya Dongobesh ikaandika kuwa baba amepata dharura. Kisha nyingine. Tukabaki watu 11 na gari la watu 24, mchango wa kila kichwa ukapanda maradufu, na waliokuwa wamelipa wakaanza kudai fedha zao. Malipo ya awali ya gari hayakurudi. Mwenye gari alisema mkataba ni mkataba, na kusema kweli hatukuwa na mkataba wowote ulioandikwa.

Wiki ile ile nilipita Katesh kikazi. Yule mtoto wa homa nilimkuta uwanjani anacheza mpira, jasho linamtiririka. Aliponiona akaja kuniamkia, "Shikamoo baba." Nikamwitikia, "Marahaba, umepona?" Akanishangaa. Hakujua kama alikuwa anaumwa.

Ndugu msikilizaji, nilirudi Arusha na aibu, na aibu hiyo haikuwa ya binamu. Mtu mzima alikuwa amemsingizia mwanawe ugonjwa kwa sababu hatukumwachia mahali popote pa kusema kwamba hana. Kwenye msiba anapo: atachota maji, atachimba kaburi, ataleta kuni, na hakuna atakayeuliza. Kwenye safari ya kutembea tulikuwa tumemwekea mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ni fedha taslimu mbele ya watu.

Mwaka uliofuata shangazi alinyang'anya kamati madaraka. Kundi la WhatsApp likabaki la salamu na picha. Yeye akanunua daftari la shule, akasema kila kaya itampelekea yeye peke yake, kwa mkono au kwa simu ya mjukuu wake anayemwamini, kiasi inachoweza. Hakuna kugawa kwa vichwa, maana kugawa kwa vichwa ni kumwadhibu mwenye watoto wengi. Wenye mshahara tulitajiwa kiwango chetu kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, na sitaficha kwamba changu kilinishtua. Asiye na fedha alete chakula. Zikaja gunia la viazi, maharage, kuku na vitunguu saumu vya Mbulu, na bajeti ya chakula ikashuka chini ya nusu. Nani alileta nini, alijua shangazi na daftari lake.

Mengine nitayataja kwa haraka, kwa faida ya anayetaka kujaribu. Tulichagua Juni kwa sababu shule zimefungwa, masika yamekwisha na mto bado una maji. Desemba usithubutu: Wachaga wanarudi kwao kwa Krismasi, na usafiri wa njia ile unakuwa wa taabu na ghali. Mkataba wa gari tuliuandika, na tukamtaka mwenye gari atuonyeshe kibali cha LATRA cha kukodiwa nje ya njia yake, maana bila hicho unaweza kushushwa barabarani na wazee wako. Gari lilianzia Katesh, ndugu wa Dongobesh wakateremka alfajiri wakatungoja Dareda, ikawa gari moja badala ya mawili. Chakula cha mchana tulikula Makuyuni, kutoka kwenye sufuria zetu. Usiku hatukusafiri.

Marangu mwongozaji alitusimulia habari ya Makinuka, kama wenyeji wanavyoisimulia. Msichana huyo alipata mimba kabla ya ndoa, na kwa desturi za enzi hizo adhabu ilikuwa kifo. Akaenda kwenye maporomoko ajitupe. Alipofika ukingoni akabadili nia, akageuka arudi nyumbani kuomba radhi, na hapo akakutana uso kwa uso na chui. Akarudi nyuma kwa hofu, akaanguka. Mwanangu aliuliza kwa nini hakuwaambia ndugu zake tangu mwanzo. Mwongozaji akacheka. Mimi nilimtafuta binamu kwa macho. Alikuwa anatazama maji.

Mkewe hakushuka. Mngurumo ule ulimrudisha kwenye alfajiri ya Desemba, akaanza kutetemeka juu pale kwenye ngazi. Katika mipango yetu yote hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Shangazi alishikwa mikono hadi chini, akasimama mbele ya maji yake kwa muda mfupi sana, labda dakika tano, nguo zikalowa. Kisha akaomba apandishwe tena. Nilipowafuata niliwakuta wawili wamekaa kwenye nyasi, wanamenya viazi vya kuchemsha na kuzungumza Kiiraqw kwa sauti ndogo. Sikusogea karibu.

Mwongozaji aliniuliza kama picha ya ile kalenda ni ya pale. Nilimwonyesha kwenye simu, akatikisa kichwa, si pale. Nilipomweleza shangazi jambo hilo ndani ya gari, tukiwa tumeshapita Himo, alisema alishajua tangu alipoyaona.

Tulipofika Dareda jioni ya siku ya tatu alifungua daftari, akahesabu, akatangaza kitu kimoja tu: zimebaki shilingi 46,000. Akazifunga kwenye ncha ya kanga. Yale makaratasi yenye majina aliyachana pale pale kituoni, akampa dereva awashie jiko kwao. Kisha akamwita binamu yangu wa Katesh, akamkabidhi jalada la daftari na kurasa zilizobaki wazi, akamwambia, "Juni ijayo utaandika wewe."