Notisi ya Kuhama Intaneti ya Nyumbani: Nani Aibebe?

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa serikali za mitaa, wenye nyumba na wapangaji wenzangu wa Manzese,

Notisi ya chumba tunaijua. Anayehama Midizini kwenda Mburahati humweleza mwenye nyumba kabla kodi haijaisha, na jambo linakwisha kwa maneno. Intaneti ya nyumbani imekuja na notisi ya aina nyingine, iliyoandikwa ndani ya mkataba ambao wengi husaini huku fundi akisubiri kupanda ngazi.

Anayenunua kifurushi ana nafuu. Hulipa kwanza, hutumia, kikiisha huduma inakatika, wala deni haliendelei. Taabu iko kwa anayeletewa ankara kila mwezi, au aliyepewa ruta na kuvutiwa waya wa faiba kwa sharti la kukaa na kampuni muda fulani. Huyu akiacha kulipa kimyakimya, mkataba wake haufi. Ankara zinaendelea kutoka na kifaa cha kampuni bado kiko juu ya kabati lake.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Notisi ni siku unazotakiwa kutoa taarifa kabla ya kuondoka. Muda wa mkataba ni miezi uliyokubali kukaa. Mtu anaweza kutoa notisi ya siku 30 bila kasoro yoyote na bado akadaiwa fidia, kwa kuwa mwaka aliosaini haujatimia. Lakini hata hapo hayuko mikono mitupu. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamruhusu mdai kupata fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa kwenye mkataba. Maana yake ni kwamba kiasi kile ni ukomo. Kampuni iliyorudishiwa ruta nzima, inayoweza kufungiwa mteja mwingine kesho, inaweza kuulizwa ni hasara gani hasa inayoidai, na swali hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Sasa tutazame nyumba zetu zilivyo. Vyumba sita au vinane, kila kimoja na familia yake, intaneti ni moja. Mkataba uko kwa jina la mpangaji mmoja aliyetoa namba yake ya NIDA, wengine wanamchangia. Siku akihama, waliobaki wanaendelea kutumia, mchango unalegea, na deni linamfuata yeye aliko. Mwenye nyumba hadaiwi, kwa kuwa hakusaini. Mpangaji mpya naye hadaiwi kwa sababu hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hili ndilo shimo kubwa kuliko yote hapa Manzese, na halihitaji sheria mpya kulifukia. Mwenye jina atoe notisi yake mwenyewe kabla ya kufunga mizigo, au waende wote dukani, mkataba uandikwe upya kwa jina la anayebaki. Kuachiana kwa maneno hakumwondolei deni.

Notisi yenyewe iwe ya maandishi. Ukipiga simu huduma kwa wateja utajibiwa vizuri, lakini hutabaki na karatasi. Andika barua yenye namba ya akaunti na tarehe unayotaka huduma ikome, ipeleke dukani, nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Kama ni barua pepe, itunze pamoja na jibu. Ruta irudishwe na adapta yake, uipige picha ionyeshe namba yake, na usiondoke bila risiti. Na tafadhali, usikatishe laini ya zamani kabla mpya haijawaka. Fundi aliyeahidi Jumatatu anaweza kufika Alhamisi, na mwenye stesheneri anayechapa fomu za watu hawezi kufunga duka siku tatu.

Hapo ndipo mteja anapolipa kampuni mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo nasema mzigo huu umewekwa kichwani pasipo pake. Tangu tarehe 1 Machi 2017, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeruhusu kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba. Mteja huenda kwa kampuni mpya, nayo ndiyo inayofuatilia kwa ile ya zamani. Uingereza ilifanya hivyo kwa intaneti ya nyumbani tarehe 12 Septemba 2024: mteja huzungumza na kampuni anayokwenda tu, na ya zamani haimtozi notisi kupita siku ya kuhama. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni za mwaka 2018, uliamua kwamba mkataba uliojiongeza wenyewe unavunjwa kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja.

Najua nitaambiwa faiba si namba ya simu. Ni kweli. Namba huhamishwa kwa kompyuta, waya sharti uvutwe na mtu. Lakini notisi si waya. Ni taarifa, na taarifa inaweza kutoka kampuni moja hadi nyingine bila mama wa Mvuleni kupanga foleni mbili. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, masharti haya yaandikwe kwa Kiswahili, na kifungu cha notisi kiwe ukurasa wa kwanza.

Mwenye mgogoro sasa hivi aanze kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Asiporidhika aende TCRA, na uamuzi wa TCRA unaweza kukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Njiani kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa na sheria ya mwaka 2003 ili kuwasemea watumiaji.

Kwa baraza hilo la watumiaji, Ndugu Mwenyekiti, naomba semina hii ipitishe barua leo, isainiwe na wenyeviti wa mitaa waliopo. Iombe mambo mawili: kampuni mpya ndiyo ipeleke notisi, na malipo ya zamani yakome siku huduma mpya inapowaka.