Gedi, Mji Uliohamwa



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi hupita Gede, mji mdogo wa maduka na soko, kiasi cha maili kumi kabla hajafika Malindi. Wengi hununua matunda na kuendelea na safari, wala hawajui ya kuwa mwendo mfupi kutoka hapo, chini ya mibuyu na miti mingine mikubwa, uko mji mwingine usio na mtu.

Mji huo wa Gedi ni wa kale. Kaburi moja lina mwaka wake, 802 wa Hijra, yaani 1399. Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, akaendelea kwa miaka kumi. Nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyoonekana ndani yake: ipo Nyumba ya Mkasi, na ipo Nyumba ya Kauri. Bakuli za Kichina zilionekana pia. Vyoo vilijengwa ndani ya nyumba, pamoja na mahali pa kunawia. Jambo hilo yafaa walitazame wale wasemao ya kuwa Mwafrika alifunzwa usafi na wageni. Na penye mlango mmoja wa Msikiti Mkuu umechongwa mkuki.

Kwa nini basi watu walihama katika karne ya 17? Wengine hutaja vita na mashambulio ya Waoromo kutoka kaskazini. Lakini kisima kilicho karibu na msikiti huo kina ushahidi wake: kilichimbwa mara ya pili kwenda chini zaidi, maana maji yalikuwa yakishuka. Ukuta uliozunguka mji ungeweza kuzuia adui, si kiu.

Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo wenyeji hawali magofu. Miaka ya nyuma wengi walitaka msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio jirani, ukatwe wapate mashamba. Ndipo mwaka 1993 ulipoanzishwa mradi wa Kipepeo, ambao kituo chake kimo katika uwanja wa magofu. Wakulima hulisha viwavi nyumbani. Wakiisha kujifunga ndani ya maganda yao, huletwa hapo, nao hupelekwa Ulaya na Marekani kwa bei. Vipepeo wa mbegu hutoka msituni, na yule aliyetaka kuukata sasa huwauliza jirani zake ni nani aliyeonekana huko na shoka.