Ufundi Ni Urithi Usioporwa

Hotuba ya katekista siku ya Yubile ya parokia



Nimeombwa niseme machache juu ya mafunzo ya kazi katika vijiji vyetu. Jambo langu ni moja: mali ya shamba na ya zizi yaweza kuporwa kwa usiku mmoja, lakini kazi ambayo mtu amejifunza vema humfuata popote anapokimbilia. Kwa hiyo, parokia inayowapenda watu wake ni lazima iwafundishe kazi.

Tutazame kwanza maziwa ya Masisi. Vilima vyetu vina baridi na majani mengi, lakini mara nyingi ng'ombe hukamuliwa mbali na njia ya gari, na maziwa hayangojei gari. Katika miaka ya 1970 mapadri kutoka Ubelgiji waliwafundisha watu wa huku kutengeneza jibini, ambayo sisi tunaiita fromaji: kupasha maziwa moto kidogo, kuyagandisha, kukata mgando, kuutoa maji, kuutia chumvi, na kuuweka pahali pa baridi mpaka ukomae. Hivyo, bila friji wala umeme, kazi ya mchungaji hukaa majuma mengi na kufika soko la Goma na mbali zaidi. Kisha vita vya miaka ya 1990 vikaangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wetu. Lakini utulivu ulipopatikana kidogo na ng'ombe waliporudi, fromaji nayo ilirudi. Kwa nini? Kwani ng'ombe walikuwa wamepotea, ila ujuzi ulikuwa ungali vichwani na mikononi mwa watu.

Mfano wa pili ni wenye uchungu. Mwaka 2001 ugonjwa wa kunyausha migomba, ule unaoitwa kirabiranya, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Kongo, nao ulitambuliwa hapa Masisi. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani zimeoza. Ugonjwa huo huchukuliwa na wadudu wanaotembelea maua, tena huchukuliwa na panga. Mkulima mwenye bidii aliyekata mgomba mgonjwa, kisha akakata ulio mzima kwa panga lile lile, aliupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Tazameni, ndugu zangu: bidii bila mafunzo yaweza kuharibu kuliko uvivu!

Na dawa yenyewe haikuwa ya bei. Kuvunja kwa kijiti chenye panda lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kukata shina gonjwa usawa wa udongo, na kurudi kulitazama shamba kila juma. Mama asiyejua kusoma aweza kujifunza hayo kwa asubuhi moja. Lililokosekana pahali pengi ni mtu wa kuwafikia na kuwaonyesha.

Sasa tushuke katika msitu wa Walikale. Tangu mwaka 2002 kasiteriti ya Bisie iliwavuta vijana kwa maelfu. Wengi waliacha kalamu wakashika nyundo. Ndege zilitua juu ya barabara kule Kilambo kuchukua madini, nazo zikaondoka. Mwaka 2019 mgodi wa mitambo ulianza kutoa mazao huko Bisie. Mitambo huhitaji makanika, wachomeleaji wa vyuma, mafundi wa umeme. Kijana ambaye miaka yake yote ya shimoni ilimfundisha kubeba gunia tu, atasimama wapi mbele ya mlango ule?

Wazazi, neno hili ni letu. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi bila malipo, nasi tunashukuru. Lakini baada ya hapo tunawasukuma wote kwenye pedagojia, kana kwamba kijiji ni cha walimu watupu. Wengi wana diploma mkononi na hawana kazi, na useremala tunauita kazi ya walioshindwa. Je, Yozefu mchumba wa Maria alikuwa ameshindwa? Je, Mtume Paulo hakushona mahema? Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi ana cheo kuliko mali na mitambo.

Kule Goma, Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi hufundisha vijana ufundi wa namna nyingi. Ni kazi njema. Lakini si kila mtoto wa Masisi aweza kwenda Goma, tena wengi wanaokwenda mjini hawarudi. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, kila jumuia ya msingi ichague vijana wawili, mmoja wao msichana, na iwachangie kwa njia ya likelemba mpaka wamalize kujifunza kazi moja. Pili, kila fundi wetu, wa chukudu, wa matofali, wa mashini ya kushona, apokee mwanafunzi na kumfundisha bila kumficha siri. Fundi anayekufa bila mwanafunzi huzikwa pamoja na kiwanda chake. Tatu, kabla ya kila majira ya kupanda, tumwite monagri aje shambani, si ofisini, na akina mama wakae mbele, kwani ndio wanaoshika jembe.

Mwaka 2025 vita vilifika tena Masisi, Goma na Walikale. Waliokimbia waliacha nyumba na mazizi. Lakini aliyejua kushona, kujenga au kutengeneza fromaji, hakuna aliyeweza kumpora kazi hiyo njiani. Urithi wa namna hiyo ndio tuwaachie watoto wetu, kusudi watakaofanya Yubile ijayo wasikute kuta za kanisa tu, wakute na watu wanaojua kazi.