Mafunzo Yarudi Kazini

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze kuhusu mafunzo kazini, na nitaanzia wodi ya wazazi ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara. Kilichoonekana pale kinamhusu mwenye gereji, meneja wa benki na mkurugenzi wa halmashauri kama kinavyomhusu mkunga.

Aprili 2010 watumishi wa wodi ile walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Ilikuwa kozi nzuri, ya vitendo, ya kujizoeza kwa mwanasesere. Kabla ya kozi, waliofaulu zoezi la kumzindua mtoto walikuwa 18 katika kila 100. Miezi saba baadaye wakafika 74. Ofisi nyingi zingeishia hapo na kuandika kwamba mafunzo yamefanikiwa. Haydom walikuwa na kipimo kingine. Walikuwa na watu waliokaa ndani ya chumba cha kujifungulia, usiku na mchana, wakiandika mtoto mwenyewe amefanyiwa nini na kwa muda gani. Maandishi yao yalionyesha kwamba kitandani hakuna kilichoboreka. Ufundi uliopatikana kwa mwanasesere haukuwa umewafikia watoto.

Tukae kidogo hapo, maana wengi tunapapita haraka.

Mtoto ametoka, amelegea, halii. Mkunga ana dakika moja, na wenyewe huiita dakika ya dhahabu. Amkaushe, amsugue mgongo. Kama bado hapumui, akate kitovu, amlaze, amfunike pua na mdomo kwa barakoa, aanze kubonyeza mfuko wa hewa. Kichwa kikiinama sana njia ya hewa inajiziba. Barakoa ikikaa upande, hewa inatokea shavuni na kifua hakiinuki. Yote hayo yamo kwenye kozi. Lakini watoto wengi hulia wenyewe, kwa hiyo mkunga anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuushika ule mfuko, na siku anapouhitaji ni saa tisa usiku, mama anavuja damu, na mwenzake yuko kitanda cha pili. Ujuzi wa mkono usipotumika hupotea, hata kwa mtu hodari, hata kwa mwenye cheti ukutani.

Mwanzoni mwa 2011 wakabadilisha utaratibu. Mazoezi yakahamia leba. Yule mwanasesere hujazwa maji ya uvuguvugu ili awe na uzito wa kichanga; mwenzako anabonyeza kimpira, kitovu kinadunda, akiacha kinanyamaza. Akawekwa palepale kazini pamoja na mfuko na barakoa yake, na wauguzi wakawa wanafanya zoezi dakika tatu, dakika tano, kila wiki, ndani ya zamu, wakiongozwa na wenzao wa wodi hiyohiyo. Hakuna aliyesafiri, hakuna ukumbi uliokodiwa. Watoto wanaofariki ndani ya saa 24 za kwanza wakapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Msikilizaji, hao ni watoto wanne hivi katika kila elfu moja, waliozivuka saa hizo 24 wakiwa hai mikononi mwa mama zao.

Baadaye njia hiyo ikapelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Safari hii viliongezwa vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto, na watumishi wakawa wanakaa kuzisoma takwimu za wodi yao wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine: vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 za kwanza vimeshuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Hiyo ni kazi ya wauguzi wetu, imesomwa dunia nzima, na naisema hewani kwa fahari.

Sasa tujitazame katika sehemu nyingine za kazi. Barua inaingia ofisini: semina ya siku tatu, Morogoro au Dodoma. Swali la kwanza linalosikika kwenye korido ni zamu ya nani kwenda. Anakwenda aliyekosa safari iliyopita, au aliye karibu na mkubwa, au mkubwa mwenyewe. Akirudi anaandika taarifa ya safari, anafanya marejesho ya fedha, na lile begi la semina linaishia juu ya kabati. Yule anayeifanya kazi yenyewe kila siku hajasikia hata mada ilikuwa nini. Simlaumu mtumishi anayeitegemea posho. Mshahara ni mdogo na ada za shule hazisubiri. Nawalaumu waliouacha utaratibu ukafika hapo, kwa sababu mafunzo yakishakuwa kipato, yatagawanywa kama kipato, na haja ya kazi itakuwa ya mwisho kuulizwa.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao barua ya semina haiwataji kabisa. Mtunza stoo analetewa mfumo mpya wa kompyuta. Kijana wa kampuni anakuja asubuhi moja, anamwonyesha haraka haraka, anaondoka. Jumatatu kompyuta inamgomea, hana wa kumuuliza, foleni ya watu wanaotaka vifaa inarefuka dirishani, naye anaivuta leja yake ya zamani na kuandika kwa kalamu. Mwisho wa mwaka ofisi inasema mfumo umeshindwa kwa sababu watumishi ni wagumu kubadilika. Mimi nasema hakufundishwa. Angepata nusu saa kila Ijumaa kwa miezi miwili, akiwa na mtu wa kumuuliza bila kuonewa, angekuwa leo anawafundisha wengine.

Na jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1970 Tanzania iliufanya kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ukatoka waraka wa Waziri Mkuu, Rashidi Kawawa akiwa ndiye mwenye wadhifa huo, ukiagiza sehemu za kazi ziwe na madarasa ya wafanyakazi, tena ndani ya saa za kazi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyashikilia. Waajiri wengi leo wanataka mfanyakazi ajiendeleze, ila ajiendeleze jioni, kwa nauli yake na kwa ada yake, kisha ujuzi wakautumie wao asubuhi.

Wapo watakaonijibu kwamba wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokokotolewa kwa asilimia ya malipo ya wafanyakazi. Ni kweli, na ni fedha nyingi. Lakini tozo hiyo haiwezi kuja gereji kwako kumwonyesha fundi namna ya kusoma hitilafu kwenye gari la kisasa lenye kompyuta. Fundi wako mwingine aliyejifunza hilo wiki iliyopita anaweza, ukimpa nafasi.

Kuna kikwazo kimoja kigumu kuliko fedha, nacho ni aibu. Kwetu anayeuliza sana huitwa hajui kazi, na mzee wa idara akiulizwa na kijana huona amepimwa. Watu wanaficha wasichokijua miaka na miaka, na mteja au mgonjwa ndiye anayelipa. Sioni dawa nyingine ila mkubwa atangulie. Mganga mfawidhi aushike mfuko wa hewa mbele ya wauguzi wake, barakoa ivuje, arekebishwe na mkunga mdogo, arudie. Meneja akae kwenye kiti cha mtunza stoo aulize kitufe hiki ni cha nini. Siku hiyo wengine wote watapata ruhusa ya kuuliza.

Mkurugenzi unayenisikiliza, mwaka wa fedha unaanza Julai na vifungu vya mafunzo vinaandikwa mapema. Kabla hujaandika idadi ya semina, chagua idara moja ambako makosa yanakugharimu zaidi. Waulize wenyewe ni kazi gani wanaifanya kwa kubahatisha. Mtafute miongoni mwao anayeijua vizuri na mwenye subira, jina lake liandikwe kwenye ratiba ya zamu kama mkufunzi, apunguziwe kazi nyingine saa hiyo, na kama kuna posho ya kulipwa, ilipwe yeye.