Kisukari: Kazi Kubwa Iko Nyumbani

(Haya ndiyo tuliyowaambia wanavikundi wenzetu kutoka Kitale na Bungoma walipotualika kuzungumza juu ya kujitunza.)



Sisi tuliosimama hapa mbele si madaktari. Wengi wetu ni wakulima wa mahindi. Yuko mwalimu aliyestaafu, na yuko mama anayeuza mboga sokoni Chwele. Kinachotuunganisha ni kimoja: kila mmoja wetu anaishi na ugonjwa wa kisukari, au analea mtoto aliye nao. Tumekuja kuwaeleza tunavyojitunza, na pia makosa tuliyofanya, ili nyinyi msiyarudie.

Hebu tuhesabu kidogo. Ukienda kliniki mara moja kwa mwezi, utaonana na daktari labda dakika 10. Mwezi una siku 30. Sasa siku hizo zingine daktari wako ni nani? Ni wewe mwenyewe, na yule anayepika nyumbani, na kikundi chako.

Kosa letu

Katika kikundi chetu yuko mzee mmoja ambaye tulimwona akichechemea. Wiki ya kwanza tukanyamaza. Wiki ya pili tukanyamaza. Tulijua ana sukari, lakini tulisema moyoni, "Ni mtu mzima, anajua mwenyewe." Kumbe alikuwa amepalilia siku nzima na kipande cha bua la mahindi ndani ya gambuti, na hakusikia uchungu hata kidogo. Alipofikishwa hospitali, mguu ulikuwa umeoza. Ulikatwa chini ya goti.

Mzee yuko hai, na huja mkutanoni kwa magongo. Ni yeye aliyetuomba tusimulie habari hii kila tunapoalikwa.

Kwa nini hakusikia? Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Huharibu pia mishipa ya damu, kwa hivyo kidonda hakipati damu ya kutosha ya kukiponya. Ndiyo maana kidonda kisichouma kinaweza kuwa kibaya kuliko kinachouma.

Miguu kila jioni

Kabla ya kulala, tunaosha miguu kwa maji ya uvuguvugu. Maji tunayapima kwa kiwiko, si kwa mguu, maana mguu uliokufa ganzi unaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Tunakausha vizuri katikati ya vidole. Tunapaka mafuta juu na chini, lakini si katikati ya vidole. Kisha tunaangalia nyayo kwa kioo, na asiyeona vizuri anaangaliwa na mtoto au mjukuu.

Asubuhi tunakung'uta viatu kabla ya kuvaa. Hatutembei miguu mitupu, hata kwenda chooni tu. Funza hatuchokoi kwa pini, na sugu hatukati kwa wembe. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya wimbi, tunakipeleka zahanati siku hiyo au kesho yake.

Sahani na kikombe

Watu hutuuliza, "Kwani mnakula nini nyinyi? Ugali mmeacha?" Jamani, huku kwetu mtu aache ugali aende wapi? Hatukuacha, tulipunguza. Tunaigawa sahani hivi: nusu ni mboga, kama sukuma wiki, kunde au mrenda. Robo ni maharagwe, samaki, yai au kuku. Robo inayobaki ndiyo ya ugali. Ukiweka viazi vitamu au ndizi, hizo zinakaa mahali pa ugali, si juu yake. Ugali wa wimbi ni mzuri, lakini nao unapandisha sukari ukijaza sahani.

Hapa Bungoma tunalima miwa, na wako wanaosema ati sukari guru haina madhara kwa sababu haikupitia kiwandani. Si kweli. Sukari guru ni sukari, na asali vilevile.

Pombe nayo, iwe busaa au chang'aa, ni hatari kwa njia nyingine. Mtu anayedunga insulini, au anayemeza aina fulani za vidonge, akinywa na tumbo tupu sukari inaweza kushuka ghafla. Watu watasema amelewa, kumbe anakufa.

Shida kubwa zaidi ni chai ya wageni. Ukimwambia mwenyeji hutumii sukari, anauliza, "Kwani nyumba yangu imekukosea nini?" Wengi wetu tulikuwa tunakunywa kwa kuona haya. Sasa kwenye mikutano yetu chai hupikwa bila sukari, na sukari huwekwa mezani kando. Anayetaka anajitilia. Hakuna anayeulizwa.

Dawa na sindano

Wengine wetu waliwahi kuacha vidonge kwa sababu walijisikia vizuri. Lakini walijisikia vizuri kwa sababu ya vidonge! Hatuachi dawa bila kuongea na daktari, na hatuazimani dawa. Tukienda kulala matangani, dawa na chakula kidogo viko mfukoni.

Insulini huharibiwa na joto kali na pia na barafu. Ile isiyofunguliwa ni bora ikae kliniki au kwa jirani mwenye friji. Ile ya kutumia, sisi tunaiweka kwenye chungu. Chukua chungu kikubwa, tia mchanga, weka chungu kidogo ndani yake, kisha lowesha mchanga asubuhi na jioni. Insulini ifunge kwenye karatasi ya nailoni isiingie maji, weka ndani, funika kwa kitambaa kibichi. Chungu kikae kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Siku za mvua nyingi hewa ni nzito na chungu hakipozi sana, mjue hilo.

Je, inafaa kweli? Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza jambo hili kwa kufuata joto la kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, ambako kuna joto kuliko kwetu. Mwaka 2021 walitangaza kwamba insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Sisi tunaandika tarehe kwenye chupa siku tunayoifungua, na baada ya wiki 4 hatuitumii tena.

Sukari ikishuka

Wanakikundi wote, hata wasio na ugonjwa huu, wajue dalili: kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, kuongea mambo yasiyoeleweka. Kama mtu anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15. Hali isipobadilika, rudia. Akipata nafuu ale chakula. Akizimia usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mkimbizeni hospitali.

Mtoto asirudishwe nyuma

Kuna watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza. Mtoto anakunywa maji sana, anakojoa sana, ameanza kukojoa kitandani tena, anakonda. Mama mmoja wetu aliambiwa na majirani kwamba mtoto amerogwa. Karibu ampoteze. Kumbe kilichotakiwa ni tone moja la damu kupimwa.

Mtoto huyu anahitaji insulini kila siku, hata siku ambayo hana hamu ya kula. Ni Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo watoto wa namna hii walikufa. Leo wanasoma, wanaoa na kuolewa. Tusiwarudishe nyuma kwa kuwanyima sindano ili wajaribiwe mitishamba.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Mtu mmoja kununua mashine ya kupima sukari ni mzigo. Sisi tuko 20. Kila mmoja alitoa shilingi 50 kwa wiki juu ya akiba ya kawaida, na kila wiki tukapata 1,000. Tulinunua mashine, na sasa fedha hizo hununua stripi. Wanaodunga insulini hupewa nyingi kuliko wanaomeza vidonge. Mashine tunashirikiana, lakini sindano ya kutoboa kidole kila mtu ana yake. Sindano zilizotumika tunazitia kwenye mtungi mgumu wenye kifuniko na kuzirudisha kliniki.

Na kila mkutano, kabla ya kuhesabu fedha, tunavua viatu na kuangaliana miguu, wawili wawili. Mwanzoni tulicheka sana. Siku hizi hatucheki. Mama mmoja alikutwa na lengelenge kisiginoni ambalo hakulijua. Alitibiwa, likapona kwa wiki mbili. Yule mzee wetu alilitazama, akasema, "Langu lilianza hivyo hivyo."

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni nani anaishi na kisukari? Je, tumempa nafasi ya kusema bila haya?
2. Chai na chakula cha mikutano yetu vinamfaa?
3. Tukianza kuchanga, tungenunua nini kwanza?
4. Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani. Je, tunaweza kuomba zahanati ije itupime sote siku hiyo?

Na jioni ya leo, kabla ya kulala, tazameni miguu yenu.