PUNDA AKILIWA, MZIGO ANABEBA NANI?

Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika



Mada tuliyopewa imewashangaza wengine: je, ni haki kupiga marufuku chakula kwa sababu mnyama anayetoa chakula hicho anateswa? Wakati wa chai baadhi yenu mlituuliza mambo hayo yanahusianaje na miradi yetu ya maji. Tunaomba uvumilivu wenu. Tutaanzia mbali kidogo, kisha tutarudi nyumbani.

Huko Ufaransa kuna chakula cha heshima kiitwacho foie gras. Ni ini la bata au bata bukini aliyelishwa mahindi kwa nguvu, kwa mrija uliopitishwa kooni, mpaka ini lake linavimba mara kadhaa kuliko kawaida. Mwaka 2006 mji wa Chicago, Marekani, ulipiga marufuku uuzaji wa chakula hicho. Mwaka 2008 ukaifuta marufuku yake wenyewe. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2004, ikaanza kutumika mwaka 2012. Ufaransa nayo, mwaka 2006, ilikitambua kisheria kuwa sehemu ya urithi wake. Upande mmoja unasema anasa ya mlaji haiwezi kuhalalisha mateso ya kiumbe. Upande wa pili unasema Serikali haina kazi katika sahani ya mtu.

Hapa kwetu hakuna anayekula ini hilo. Lakini swali lenyewe limefika mpaka kwenye mazizi yetu, na limefika kwa njia ya punda.

Ngozi ya punda ikichemshwa hutoa ute mzito unaogandishwa na kuitwa ejiao. Nchini China watu huutumia kama dawa ya kuongeza damu, na pia huutia katika vyakula na vinywaji vya kujenga mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda takriban milioni 11. Leo wamebaki chini ya milioni 2. Wanunuzi wakageukia Afrika. Hapa Tanzania machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Kenya ilitoa leseni kwa machinjio manne, na ripoti ya taasisi yake ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ya mwaka 2019, ilionyesha kwamba punda 301,977 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Ripoti hiyo ilionya kwamba kwa mwendo huo punda wangeweza kwisha Kenya ifikapo mwaka 2023.

Ndugu zangu, ng'ombe na mbuzi tunawachinja, wala hatuoni kosa. Kwa nini basi punda? Sababu ya kwanza ni kwamba punda haongezeki upesi. Hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Biashara kubwa kiasi hicho haiwezi kungoja wazaliwe. Hutafuta waliopo, na waliopo wana wenyewe. Sababu ya pili ni mateso. Punda waliswagwa mwendo mrefu au kusongamanishwa kwenye malori bila maji, na wengine walifika wakiwa wamevunjika miguu au wamekufa. Anayetakiwa ni ngozi tu, kwa hiyo hali ya mnyama haikumsumbua mnunuzi.

Katika kijiji kimoja tunakofanya kazi, kikundi cha akina mama kiliamka asubuhi kikakuta kamba imekatwa. Siku ya tatu wachungaji wa mbuzi walimwona punda wao porini. Ngozi haikuwepo, nyama imeachiwa fisi. Tulipowatembelea wiki ile, mama mwenye zamu ya kumtunza hakulia mbele yetu. Alituonyesha ndoo tu, akasema, "Sasa punda ni mimi." Mabinti wawili wa nyumba ile walianza tena kuchota maji kabla ya shule, nao wakawa wanaingia darasani jua limeshapanda.

Hata hivyo tusiseme upande mmoja tu. Wapo waliouza punda kwa hiari yao wakalipa ada ya shule au deni la hospitali. Wapo vijana waliopata ajira machinjioni. Kwao marufuku ni hasara, na hoja yao kwamba mali ni ya mwenyewe ina uzito. Kenya ilipopiga marufuku mwaka 2020, mwenye machinjio alikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua. Serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku mwaka 2022, na Desemba mwaka huohuo mkutano wa Afrika kuhusu punda uliofanyika Dar es Salaam uliomba uchinjaji kwa ajili ya ngozi usimamishwe kwa miaka 15. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, wakaazimia kuusimamisha uchinjaji huo barani kote.

Sisi kama ofisi tunaiunga mkono marufuku hiyo. Mwenye punda akimuuza, fedha huisha kwa msimu mmoja, na mzigo huhamia kichwani mwa mama na mtoto wa kike, ambao mara nyingi hawakuulizwa wakati wa kuuza. Lakini azimio la Addis Ababa halilindi zizi usiku. Marufuku isiyo na mlinzi huwafundisha wezi kuchinjia porini.

Na hapa inatupasa kuungama. Tulipogawa punda kwa vikundi, tuliandika kwenye bajeti bei ya mnyama na mkokoteni. Hatukuandika dawa ya minyoo, hatukuandika matandiko, hatukumwita mtaalamu wa mifugo hata mara moja. Tulipiga picha za makabidhiano, tukaziweka katika taarifa kwa wafadhili, tukaondoka. Tuliporudi tulikuta migongo yenye vidonda vibichi vilivyokwaruzwa na kamba ya katani. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na punda yuleyule alikuwa akienda kisimani mara tatu kwa siku. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya nchi hii ni ya mwaka 2008, nasi hatukuwahi kuifungua. Ukame ulipobana, baadhi ya vikundi viliuza punda waliochoka kwa wanunuzi wa ngozi. Tuliwalaumu. Ukweli ni kwamba sisi ndio tuliotangulia kumhesabu punda kama chombo.

Kitabu cha Kutoka kinatuagiza kumsaidia punda aliyelemewa na mzigo hata akiwa wa adui yetu. Je, huyu ambaye ni wetu, tena tuliyembebesha wenyewe?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kamati iandikishe punda wa usharika wake kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na rangi na alama zao, ili aliyeibwa aweze kutambuliwa. Pili, kila kikundi kishone matandiko ya gunia lililojazwa nyasi laini au matambara. Kazi hiyo ni ya jioni moja. Tatu, vikundi vya kuweka na kukopa vitenge fungu la dharura, ili ada ya shule isilipwe kwa ngozi ya punda. Nne, ninyi wafadhili wetu, mkiona katika maombi yetu gharama ya dawa, kwato na mtaalamu wa mifugo, msiifute mkidhani ni ziada. Na msipoiona, tuulizeni iko wapi.

Wahenga walisema, punda afe mzigo ufike. Tumeishi kwa methali hiyo muda mrefu. Lakini punda akishakufa, mzigo wa kesho unabaki palepale kisimani, na tunamfahamu atakayetumwa kuufuata.